Sababu, Kama Ipo

Kishikwambi kimeamka na chaji asilimia kumi na tisa,
jua la Nguruka halijapanda hadi kwenye paneli.
Kinauliza kama karani mgeni, bila hata salamu:
Umri? Uzito? Pumzi kwa dakika?

Nyabuhinda amewaketisha wote wawili mezani,
Bukuru na Butoyi, miaka miwili na miezi mitatu,
kamasi moja, kikohozi kimoja,
mbeleko na mgongo vimepokezana tangu Mtego wa Noti
kabla jogoo hajawika.

Nafunua kifua, saa mkononi.
Mtoto hapumui ili ahesabiwe.
Analia, anauma kidole, anaitaka saa yenyewe.
Naanza upya.
Naanza upya tena.
Bukuru, thelathini na nne.
Butoyi, hamsini na mbili.

Ametumia kiuavijasumu miezi mitatu iliyopita?

Nyabuhinda anatazama dirisha.
"Viwili tu. Vile vya rangi mbili.
Nilivipasua, nikamwagia kwenye uji,
kimoja huyu, kimoja yule."
Vya wapi?
"Pale stesheni. Duka la kijani."

Duka la kijani ni la baba yangu.

Treni ikisimama, mimi ndiye niliyekimbia
chini ya madirisha ya behewa, sinia kichwani,
kati ya wauza karanga na wauza asali:
viwili viwili, vya tumbo, vya kifua, vya homa!
Mikono ilishuka na sarafu, ikapanda na vidonge,
na injini ikapiga honi kabla ya mtu kuuliza vya siku ngapi.
Ndivyo ilivyolipwa ada yangu. Ndivyo ilivyoshonwa sare.
Hata cheti hiki, juu ya friji ya chanjo,
kina harufu yake ukikikaribia.

Hatukujua kwamba dozi isiyokwisha ni darasa,
kwamba vijidudu vinakaa mstari wa mbele, vinaandika,
na vikihitimu
dawa inabaki unga wa muhogo.

Najaza: Ndiyo. Wote wawili.
Kiduara kinazunguka kioo
kama kuku anayetafuta pa kutagia.
Kisha majibu, mawili, kwa herufi zilezile:
Butoyi, amoksilini, asubuhi na jioni, siku tano.
Bukuru, mafua. Usimpe kiuavijasumu.

"Haiwezekani," asema Nyabuhinda.
Hapigi kelele. Ananielekeza tu, kama mtu aliyepotea njia.
"Pacha hawagawiwi hivyo, muganga.
Ukimnunulia mmoja shati, unanunua mawili.
Ukimwogesha mmoja, maji yanamngoja mwenzake.
Huyu utakayemnyima, akiondoka kwa kinyongo,
nitamfuata wapi?"

Nakitazama kioo. Kioo hakina la kusema.
Kimemeza miongozo yote,
hakijawahi kubeba wawili.

Nafungua kabati, natoa chupa mbili tupu za sharubati,
nilizozichemsha jana.
Nazijaza asali ya misitu ya Malagarasi,
niliyojinunulia mwenyewe.
Kijiko kimoja usiku, huyu na huyu.
Vidonge ni vya Butoyi peke yake, namwambia wazi,
vimalizwe hata akianza kucheza,
na siku ya tatu nawataka hapa wote wawili.

Anazisimamisha chupa kwenye mwanga, ubavu kwa ubavu.
Anainama, anapima kwa jicho.
Moja imepungua kidogo.
Naongeza.
Ndipo anapokunja vidonge kwenye pindo la kitenge,
fundo mbili.

Umefuata ushauri? kinauliza.
Ndiyo.
Umeongeza kitu? Sababu, kama ipo.
Naandika: pacha.
Kinasubiri, mstari mdogo unapepesa,
kama vile nimekatisha sentensi.
Asilimia nne. Nakizima.

Jioni nitapita duka la kijani.
Sijui nitaanzia wapi. Mzee siku hizi anakohoa,
anajitibu kwa viwili viwili kutoka rafu yake mwenyewe.
Labda nitaketi tu karibu naye, kwenye kreti ya soda,
nisiseme kitu dakika nzima,
saa mkononi.